Je, Yafaa Mkristu Asome Siri za Metali?

Liko swali ambalo wazazi Wakristu wa Bangboka huulizana, tena kwa uchungu, kwani si swali la maneno matupu: ni swali la fedha, la miaka na la dhamiri. Kijana amepata Diploma ya Serikali. Ataka kwenda Kisangani mjini, kilometa 17 hivi kutoka uwanja wetu wa ndege, aingie Chuo Kikuu asome kemia. Baba angependa zaidi awe mganga au mwalimu, lakini akubali, auza alicho nacho, alipa. Kijana asoma mwaka wa kwanza na wa pili, hata afikia masomo ya juu, na hapo akutana na somo liitwalo kemia ya oganometali. Arudipo likizoni wazee humwuliza, "Mwanetu, siku hizi wasoma nini?" Naye hujibu, "Baba, nasoma jinsi chembe ya metali inavyoshikamana na chembe ya kaboni." Wazee hutazamana, wala hawasemi neno. Lakini kijana akiisha kuondoka, husema mengi.

Husema mambo matatu. La kwanza: Elimu hii haina faida kwetu. Hatuna viwanda vya namna hiyo, umeme hukatika, na fedha hizo zingemsomesha dada yake. La pili: Hii ni elimu ya sumu, na ajuaye sumu sana aweza kushawishiwa kuitumia. La tatu: Mungu ameyaficha mambo mengine, na kuyachungulia ni kiburi.

Hoja hizi si za kipuuzi. Nyuma yake kuna jasho la mzazi na hofu ya Mungu. Kwa hiyo yatupasa kuzijibu moja moja, bila dharau. Lakini kwanza tukijue kitu chenyewe, maana si haki kukihukumu kitu tusichokijua.

ELIMU HII NI NINI?

Vitu vyote viishivyo, mti, samaki, mwili wa mtu, vimejengwa juu ya kaboni, ndiyo ile tuionayo katika makaa ya kuni. Metali ni kama chuma, shaba, risasi, zebaki na kobalti. Zamani watu walidhani kwamba mambo haya mawili ni ya falme mbili, moja ya uhai na moja ya mawe. Lakini mwaka 1849 Mwingereza Edward Frankland alipata kitu ambacho ndani yake zinki imeshikamana na kaboni. Kitu hicho kikikutana na hewa huwaka chenyewe. Basi wasomao elimu hii huchunguza kiungo hicho kati ya metali na kaboni: kinafungwaje, kinafunguliwaje, na kikifunguliwa hutokea nini.

Msomaji mpendwa, usidhani kwamba jambo hili liko mbali. Liko mwilini mwako. Iko vitamini iitwayo B12, tuipatayo katika nyama, samaki, mayai na maziwa. Mtu akiikosa, damu yake hudhoofika na mishipa yake ya fahamu huharibika. Mwanamke wa Uingereza, Dorothy Hodgkin, alilifunua umbo la vitamini hiyo mwaka 1956, naye alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1964. Katikati yake kuna chembe moja ya kobalti. Na mwaka 1961 ilionekana wazi kwamba, katika namna ifanyayo kazi mwilini, kobalti hiyo imeshikamana na kaboni. Kobalti hiyohiyo ambayo nchi yetu huitoa kwa wingi kuliko nchi yoyote duniani, na ambayo watu wa Kolwezi huichimba kwa taabu kubwa, Muumba ameiweka kidogo sana ndani ya kila mtu, maskini na tajiri, asiishi bila hiyo.

Tena liko ndani ya nyumba. Mama awasha makaa usiku wa mvua, afunga mlango na dirisha, watoto walala. Asubuhi hawaamki. Jirani husema ni uchawi, na mzee mmoja asiye na hatia huanza kutazamwa vibaya. Mwanafunzi wa kemia ajua sababu. Makaa yakiwaka bila hewa ya kutosha hutoa hewa iitwayo monoksidi ya kaboni, isiyo na harufu wala rangi. Kaboni yake hujifunga na chuma kilicho katika damu kwa nguvu zaidi ya mara mia mbili kuliko oksijeni, hata damu haiwezi tena kubeba pumzi. Basi kijana aelezaye jambo hilo baada ya Misa hawaokoi watoto tu, bali amwokoa na yule mzee.

DAWA ILIYOPOFUSHA, DAWA ILIYOUA, DAWA ILIYOPONYA

Sasa tutazame habari moja ambayo wazee wetu waliionja wenyewe, yaani ugonjwa wa malale. Dawa za kwanza za ugonjwa huo zilitoka katika elimu hii, kwani zilitengenezwa kwa kuunganisha kaboni na aseniki, kitu ambacho wataalamu hukiweka mpakani mwa metali. Daktari Mjerumani Robert Koch aliitumia dawa iitwayo Atoxyl katika visiwa vya Sese, Uganda, mwaka 1906 na 1907. Wagonjwa wengine walipata nafuu, lakini wengine walipofuka.

Watu wangeweza kusema, "Tuache kabisa." Au wangeweza kusema, "Tuendelee tu, hasara ni ndogo." Mjerumani mwingine, Paul Ehrlich, alifanya jambo la tatu: aliuliza kitu hicho kimejengwaje. Mwaka 1907 yeye na mwenzake walionyesha kwamba watu walikuwa wamekosea juu ya umbo la Atoxyl. Walipolijua umbo la kweli, waliweza kulibadilisha sehemu kwa sehemu, na mwaka 1910 ilitoka dawa ya kaswende iitwayo Salvarsan. Mwaka 1919, katika Taasisi ya Rockefeller ya Marekani, ilipatikana tryparsamide, na mwaka 1920 daktari mwanamke Louise Pearce aliileta Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, akaijaribu kwa wagonjwa wa malale wa Kongo. Iliwasaidia wengi, lakini nayo iliweza kudhuru macho.

Mwaka 1949 ilikuja melarsoprol. Hiyo iliwaponya watu ambao ugonjwa ulikuwa umekwisha kuingia ubongoni, ambao bila dawa wangekufa. Lakini ilichoma mishipa kama moto, na katika kila wagonjwa ishirini, mmoja hivi aliuawa na dawa yenyewe. Muuguzi aliyeishika sindano alilijua hilo. Hata hivyo aliichoma, kwani hakuwa na nyingine, naye alitenda vema.

Kwa miaka mingi watu waliendelea kutafuta. Hatimaye yalijaribiwa vidonge viitwavyo fexinidazole, visivyo na aseniki, na majaribio makubwa yalifanyika hapa kwetu Kongo chini ya Daktari Victor Kande, Mkongomani. Mwaka 2018 vilikubaliwa. Mwaka huohuo wagonjwa walioandikwa duniani kote walikuwa chini ya elfu moja, hali mwishoni mwa karne iliyopita walihesabiwa kwa makumi elfu kila mwaka.

Habari hii yatufundisha nini? Yatufundisha kwamba kati ya sumu na dawa mara nyingi hakuna ukuta, bali kuna elimu. Aliyejua kidogo alipofusha. Waliomfuata walijua zaidi wakaponya, ingawa kwa hatari. Waliojua zaidi tena waliiacha aseniki kabisa. Ingekuwaje kama wote wangaliogopa kusoma?

MAFUNDISHO YA MTAKATIFU TOMASO

Mtakatifu Tomaso wa Akwino alilichunguza swali letu miaka 750 hivi iliyopita. Afundisha kwamba kuujua ukweli ni jambo jema lenyewe, kwa kuwa akili iliumbwa kwa ajili ya ukweli. Bidii njema ya kujua ni fadhila. Lakini tamaa ya kujua yaweza kupotoka, nayo hupotoka kwa njia zinazojulikana: mtu akitafuta elimu ili ajivune, akiitafuta ili atende dhambi, akiuacha wajibu ulio juu yake ili afuate jambo lisilo la lazima, akitaka kujua viumbe bila kuelekea kwa Muumba, au akijitwika yaliyozidi uwezo wake akaanguka katika makosa.

Angalia vema. Mtakatifu Tomaso hasemi kwamba elimu hii ni njema na ile ni mbaya. Hatazami kitabu, atazama moyo wa msomaji na wajibu wake. Kwa hiyo swali la wazee latakiwa kugeuzwa kidogo. Tusiulize, "Je, kemia ya oganometali ni halali?" Tuulize, "Kijana huyu aisoma kwa nia gani, nani alipa, na ataitumiaje?" Tukiwa na kipimo hicho, twaweza kuzijibu zile hoja tatu.

JIBU LA HOJA YA TATU: KIBURI

Naanza na ya mwisho, kwani ndiyo nyepesi. Mwalimu wa Mtakatifu Tomaso alikuwa Mtakatifu Alberto Mkuu, mtawa na askofu. Alichunguza mimea, wanyama na mawe, na wengi humtaja kuwa ndiye aliyeonyesha kwanza namna ya kuitenga aseniki, sumu ileile tuliyoisema. Kanisa halikumlaumu. Mwaka 1931 Papa Pio XI alimtangaza kuwa Mtakatifu na Mwalimu wa Kanisa, na mwaka 1941 Papa Pio XII alimweka kuwa msimamizi wa wote wasomao elimu za viumbe. Tena Yoshua bin Sira afundisha kwamba Bwana ndiye aliyeziumba dawa kutoka ardhini, na mwenye busara hazidharau.

Mungu hakuvificha viumbe kama mtu afichavyo fedha kwa mwizi. Ameviweka kama baba awekavyo kazi shambani, ili watoto wakue kwa kuifanya. Kiburi hakiko katika kuchimba, kiko katika kusema, "Mimi peke yangu najua." Kijana arudiye likizoni na kuwacheka wazazi wake kwa sababu hawajui kaboni ni nini, huyo amekwisha kushindwa mtihani ulio mkubwa, hata kama alama zake ni nzuri.

JIBU LA HOJA YA PILI: SUMU

Ni kweli kwamba elimu hii yahusu sumu. Lakini kutojua hakuiondoi sumu. Tazama wachimbaji wa dhahabu katika mkoa wetu, mathalani kule Bafwasende. Mchimbaji anayekamata dhahabu kwa zebaki na kisha kuichoma motoni hakuisoma kemia hata siku moja, naye huvuta mvuke wake, yeye na mke wake na mtoto aliye karibu. Zebaki inayobaki huingia mtoni. Katika matope vijidudu huiunganisha na kaboni, ikawa kitu kiitwacho zebaki ya methili, nacho huingia katika samaki mdogo, kisha katika samaki mkubwa amlaye mdogo, kikizidi kila hatua, hata kinamfikia mtu. Hudhuru ubongo, hasa wa mtoto aliye bado tumboni mwa mama. Jambo hilo lilionekana waziwazi mjini Minamata, Japani, mwaka 1956, ambako kiwanda kilimwaga zebaki baharini na wavuvi na watoto wao wakalemaa. Watu wa Tshopo waishio kwa samaki, je, yafaa tusiwe na hata mmoja kati yetu anayejua njia ya sumu hiyo?

Ushawishi nao upo, nisiufiche. Mwaka 1921 Mmarekani Thomas Midgley aligundua kwamba petroli ikitiwa kitu cha risasi iliyoshikamana na kaboni, injini haigongi. Yeye mwenyewe alikwisha kuugua kwa risasi hiyo. Mwaka 1924 wafanyakazi walikufa katika kazi ya kuitengeneza, wengine wakishikwa na wazimu. Hata hivyo alisimama mbele ya waandishi wa habari, akaimimina mikononi mwake na kuinusa, ili waamini kwamba haina hatari. Petroli hiyo ilisambaa duniani kote na kudhuru akili za watoto. Nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara ziliiacha hadi mwanzo wa mwaka 2006, na nchi ya mwisho duniani, Algeria, mwaka 2021, yaani karibu miaka mia moja baadaye. Ndege kubwa zinazotua Bangboka hazichomi risasi, lakini duniani ndege ndogo nyingi za pistoni bado zaichoma. Midgley hakukosa kwa kujua, alikosa kwa kusema uongo juu ya alichokijua.

Sasa mlinganishe na Karen Wetterhahn, mwalimu wa chuo kikuu cha Dartmouth, Marekani, aliyechunguza jinsi metali zinavyodhuru mwili. Tarehe 14 Agosti 1996 matone machache ya zebaki ya methili mbili yalidondoka juu ya glavu yake ya mpira. Alikuwa amefuata masharti ya siku zile, lakini hakuna aliyejua kwamba kitu hicho hupenya glavu ile kwa muda mfupi sana. Alifariki tarehe 8 Juni 1997. Baada yake masharti yalibadilishwa, na kila mwanafunzi wa elimu hii hufundishwa habari yake. Basi mwalimu asiyewaambia wanafunzi hatari iliyomo katika chupa, na mwanafunzi avunjaye masharti ili aonekane hodari, wote wawili wacheza na amri ya tano ya Mungu.

JIBU LA HOJA YA KWANZA: FAIDA NA FEDHA

Hii ndiyo hoja nzito. Kwa habari ya faida, nimekwisha kuonyesha: makaa, malale, zebaki, hayo yote ni mambo yetu, si ya Ulaya. Lakini kwa habari ya fedha, wazee wana haki kubwa kuliko vijana wanavyokiri.

Mtakatifu Tomaso alisema kwamba ni upotovu kuuacha wajibu kwa ajili ya elimu isiyo ya lazima. Wazazi wana wajibu kwa watoto wote. Ikiwa karo ya kaka yamtoa dada shuleni akiwa na miaka kumi na miwili, hiyo si fadhila, ni kumnyang'anya mmoja ili kumpamba mwingine. Afadhali kaka angoje mwaka mmoja, afanye kazi, alime, afundishe watoto wa jirani, na dada aendelee. Tena nani amewaambia kwamba mwenye kipaji ni kaka? Katika habari hizi nimewataja Dorothy Hodgkin, Louise Pearce na Karen Wetterhahn, na hakuna aliyekuwa mwanamume.

Na wewe kijana, ikiwa wazazi wameamua kulipa, jua kwamba karo yako ni mihogo ambayo wengine hawakuila. Asiyeingia darasani, anayenunua alama, anayenakili kazi ya mwenzake, huyo huiba mara mbili: huwaibia wa nyumbani fedha zao, na baadaye huwaibia wagonjwa na wanafunzi ambao watamwamini kwa sababu ya karatasi yake. Kama hukupata vyombo vya kufanyia kazi hiyo, nawe umeijua ubaoni tu, sema hivyo bila haya. Vitu vingine vya elimu hii huwaka hewani. Anayejidai kuviweza kwa mikono asiyoizoeza aweza kuwateketeza wenzake.

NENO LA DHAMIRI

Nimalize kwa jambo moja la kupima. Kijana amehitimu. Hana kazi, mama yake ni mgonjwa. Mfanyabiashara wa dhahabu amwambia, "Wewe wajua kemia. Niuzie zebaki machimboni, nitakulipa vizuri." Afanyeje?

Kuuza kitu si dhambi kwa kila hali. Lakini yeye ajua kwamba itachomwa juu ya sufuria, ndani ya nyumba, mbele ya watoto. Akinyamaza, amekuwa Midgley mdogo. Mchimbaji asiyejua ana udhuru, yeye hana. Njaa yaweza kuipunguza hatia yake, lakini haiigeuzi zebaki kuwa chakula. Kwa hiyo asiiuze namna hiyo. Lakini asiishie katika kukataa, kwani mchimbaji ataipata kwa mwingine. Aende kwake kama ndugu, amwonyeshe chombo chenye kifuniko na bomba kinachokamata mvuke na kuirudisha zebaki, ili isipotee wala isivutwe. Amshauri asichome karibu na nyumba. Na mahali inapowezekana, amfundishe kutenga dhahabu bila zebaki kabisa. Pengine hatalipwa kitu. Hapo ndipo itajulikana kama alisoma kwa ajili ya Mungu na watu, au kwa ajili ya tumbo.

Basi, wazazi, msimkataze mtoto elimu kwa sababu jina lake ni geni. Mwulizeni ataifanyia nini, na mtende haki kwa ndugu zake. Wanafunzi, mrudipo likizoni msijibu wazee kwa maneno ya kuwanyamazisha. Waelezeni makaa, samaki na dhahabu kwa maneno ya nyumbani, kwani elimu bila amali ni kama nta bila asali. Nanyi viongozi wa jumuiya, mpeni kijana huyo nafasi ya kusema baada ya Misa, hata kwa robo saa. Bwana wetu Yezu Kristu, katika mfano wa talanta, hakumlaumu mtumwa kwa kupokea nyingi wala chache, bali kwa kuifukia ardhini aliyopewa.